Muulize Nesi: Mionzi nimemaliza, mbona sasa ndo naumwa?

Wapendwa, toleo lililopita tuliongea kuhusu kujiandaa na mionzi ya saratani ya titi, nikadhani yatakuja maswali ya wale wanaokwenda kuanza, kumbe wengi walioandika ni waliomaliza. Wamesharudi nyumbani, begi limefunguliwa, ndugu wamekuja kutoa pole na hongera kwa pamoja, halafu mwili unaanza kufanya vitu ambavyo hakuna aliyewaambia. Nimefanya unesi wodi ya saratani miaka mingi na hili linaniuma kweli, sababu siku ya mwisho ya mashine kila mtu ana furaha na maelezo ya nyumbani yanatolewa haraka haraka, mgonjwa mwenyewe mawazo yako kwenye basi. Kwa hiyo mwezi huu maswali mengine yote nimeyaweka pembeni.

Nesi shikamoo. Nina miaka 47, naishi Morogoro. Nilitolewa uvimbe titi la kushoto, titi lenyewe likabaki, nikapata dripu sita za kemo, zile dawa za kuua saratani, halafu nikaenda Dar kuchomwa mionzi mara 15, nimemaliza siku tisa zilizopita. Wakati nachomwa nilikuwa nawashwa tu kidogo, sasa niko nyumbani ndo chini ya titi na kwapani pamekuwa peusi kama mkaa, ngozi inabanduka na kuna sehemu inatoa majimaji. Mama mkwe anasema kansa imetokea nje. Jirani kaniletea mchanganyiko wa shubiri, asali na unga wa mti fulani nipake. Nimechoka kiasi kwamba nikikuna nazi moja tu lazima nikalale. Alafu hawakunipima kuangalia kama imeisha, wamenipa tarehe ya kurudi baada ya wiki sita basi. Na mwenzangu tuliyekuwa tunakaa benchi moja alichomwa mara 25, je mimi nimepunjwa? Binti yangu kanionyesha video za Marekani, wakimaliza wanapiga kengele watu wanashangilia, mimi nikalia usiku kucha. – Mama Watatu, Morogoro

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nianze na la mama mkwe maana najua ndo linalokunyima usingizi: hiyo sio kansa iliyotokea nje. Hiyo ni ngozi iliyopita kwenye mionzi, na kwa siku tisa ulizohesabu iko pale pale ninapotegemea iwe.

Mionzi haiunguzi kama moto wa jiko kwamba ukigusa umeungua hapo hapo. Inaharibu vinasaba vilivyo ndani ya seli, na seli iliyoharibiwa hivyo inakuja kufa baadaye pale inapojaribu kugawanyika. Ngozi yetu ya juu inategemea seli changa zinazozaliwa chini yake zipande kujazia zile zinazokwisha, sasa zile changa ndo zilizopigwa, kwa hiyo ya juu inabanduka na ya chini bado haijawa tayari. Ndo maana hali ya ngozi huwa inazidi kuwa mbaya wiki ya kwanza na ya pili baada ya kumaliza, wakati mashine umeshaiacha kabisa. Baada ya hapo inaanza kukauka, na kwa wengi ikifika wiki ya nne mpaka ya sita pameshafunga. Ule weusi unachelewa zaidi, unaondoka taratibu kwa miezi, na wapo wanaobaki na kivuli chake.

Kuna kitu naomba na manesi wenzangu wakisikie. Vitabu vingi tulivyosomea vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, vinasema angalia wekundu. Kwetu wekundu unajificha, ngozi yetu inakoza rangi, inakuwa na joto, inavuta, inawasha. Unakuta mgonjwa anasema nawashwa anaambiwa mbona uko vizuri, kumbe kuwashwa kule ndo mwanzo wenyewe.

Mchanganyiko wa jirani upokee, mshukuru, lakini usipake. Shubiri yenyewe au asali yenyewe tungeweza kuongea, ila ule unga hatujui ni nini na wewe una sehemu mbichi, ukipata maambukizi hapo utarudi nyuma wiki nyingi. Oga maji ya uvuguvugu kwa mkono, weka dodoki pembeni, na sabuni iwe laini isiyo na manukato, sio sabuni ya mche. Usisugue, kausha kwa kugusagusa na kanga laini iliyofuliwa. Pale ngozi ilipo nzima paka krimu isiyo na harufu au mafuta uliyoshauriwa kliniki, pale panapotoa maji usipake kitu chochote cha kutoka dukani wala jikoni, nenda kituo cha afya kilicho karibu wapasafishe na kukuwekea gozi, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, isiyonata. Plasta usibandike moja kwa moja kwenye ngozi hiyo, itaondoka nayo. Sidiria iache kwa sasa hasa yenye waya, vaa tisheti pana ya pamba, na ukiwa ndani peke yako jifunge kanga tu, lala chali, weka kitambaa safi cha pamba chini ya titi ili ngozi na ngozi zisishikane, maana pale pa mkunjo jasho ndo linaharibu zaidi. Poda, pafyumu, diodoranti, wembe wa kwapani na chupa ya maji ya moto vyote visubiri. Na jua lisipapige hapo, hata pakishapona endelea kupafunika, ngozi ile itakuwa nyepesi kuungua kwa muda mrefu.

Ukiona homa, usaha au harufu, kidonda kinapanuka badala ya kupungua, au maumivu yanakushinda na panadol umekunywa, usisubiri hiyo tarehe ya wiki sita. Nenda na karatasi zako.

Uchovu sasa. Huu uchovu haufanani na wa kulima, wa kulima ukilala unaisha, huu unalala masaa kumi mazima unaamka kama hujalala. Ni wa kweli, sio uvivu, na naomba hii sehemu umsomee mama mkwe kwa sauti. Mwili unatengeneza vilivyoharibika, umetoka kwenye kemo, umekaa ugenini, umebeba hofu miezi yote hiyo. Kwa wengi unapungua wiki hadi wiki lakini kuna wanaokaa nao miezi kadhaa. Kinachosaidia, na hiki huwa watu hawaniamini, ni kutembea. Asubuhi kabla jua halijawa kali, dakika kumi mpaka kwenye kona na kurudi, wiki ijayo ongeza. Kulala kutwa nzima kunauzidisha. Nazi akune binti, ndoo ya maji usibebe kwanza, kula vizuri hata kama ni kidogo kidogo mara nyingi. Na ukirudi kliniki waombe wakuangalie wingi wa damu, kuna uchovu unaoitwa wa mionzi kumbe mtu damu iko chini na inatibika.

Kuhusu kutopimwa, hawakukusahau. Uvimbe wako ulishatolewa kwa upasuaji. Mionzi ilikuwa inafuata vichembe ambavyo huenda vilibaki, vidogo kiasi kwamba hakuna skani ya kuviona, kwa hiyo leo hakuna kitu cha kwenda kukipiga picha. Zaidi ya hapo titi kwa ndani bado limevimba kwa sababu ya mionzi, mamogramu, ile eksirei ya titi, ya sasa hivi ingeleta picha ya kuchanganya watu na kukutisha bure. Mamogramu ya kwanza inafanyika kati ya miezi 6 na 12 baada ya mionzi, halafu kila mwaka. Kliniki ya kuonana na daktari ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu ya mwanzo, baadaye inapungua. Zile tarehe zishike hata kama unajisikia mzima, na nauli yake ianze kutengwa mapema, nasema hivi kwa sababu nimeona wengi waliopotelea hapo, hawakukosa dawa wala daktari, walikosa nauli.

Hujapunjwa. Uingereza walilinganisha dozi mbili kwa wanawake zaidi ya 2,000, kundi moja likapata grei 50 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa mara 25, jingine grei 40 kwa mara 15, yaani dozi ya kila siku ni kubwa kidogo lakini siku ni chache. Majibu ya baada ya miaka 10 yalitoka 2013, kansa ilizuiliwa vizuri pande zote mbili, na wale wa 15 matiti yao hayakuharibika sana kama ya wale wa 25. Toka hapo 15 imekuwa kawaida sehemu nyingi, na 2020 yakatoka majibu ya mara 5 tu ndani ya wiki moja. Mwenzako wa 25 huenda alikuwa na sababu zake, au hospitali yao ndo utaratibu wake. Mfano mtu aliyeongezewa dozi pale uvimbe ulipokuwa atahesabu siku nyingi kuliko wewe, haina maana kwamba yeye ndo katibiwa zaidi.

Ile kengele ilianzia Houston 1996, hospitali ya MD Anderson, mgonjwa mmoja afisa wa jeshi la majini aliileta akaipiga siku yake ya mwisho, wengine wakaiga. Sina neno nayo. Lakini inampa mtu picha kwamba ukishaipiga umepona, halafu siku ya tisa anajiona anabanduka anafikiri ameharibikiwa peke yake. Wewe hujaharibikiwa. Lia kama unalia, halafu mwambie binti yako ukweli kwamba mama bado yuko kwenye matibabu mpaka hii ngozi ifunge, na sherehe mtafanya siku utakapoweza kula na kucheka bila kujishika ubavu.

Nesi habari za kazi. Mke wangu ana miaka 36, kamaliza mionzi mwezi uliopita. Shangazi yake alituambia ile mionzi inabaki mwilini, kwa hiyo sahani na kikombe chake tumetenga, mtoto wetu wa miaka miwili tumempeleka kwa bibi, na mimi nalala sebuleni. Naona mke wangu anazidi kunyong'onyea. Pia kabla ya ugonjwa alikuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango, sasa kapewa vidonge vya tamoksifeni vya kuzuia saratani isirudi, je arudie sindano? – Mume, Singida

Kaka, mtoto arudi nyumbani leo. Kama usafiri upo hata jioni hii.

Mionzi ya titi inayotoka kwenye mashine inapita mwilini na kuisha, ni kama alivyopigwa eksirei ya mguu, akitoka pale hana mionzi yoyote ya kumpa mtu. Hata ile siku ya kwanza kabisa angeweza kumbeba mtoto. Shangazi hakukusudia ubaya, ipo mionzi mingine ya kumeza wanayopewa watu wa saratani ya tezi ya shingo, hao ndo wanaambiwa wakae mbali na watoto siku kadhaa, na inawezekana alisikia huko. Ya mke wako sio hiyo. Sahani zirudi kabatini pamoja, na wewe urudi chumbani. Halafu umwombe msamaha, sio kwa maneno mengi, mwambie tu tulikuwa hatujui. Fikiria mtu ametoka kukatwa, ametoka kupoteza nywele, anarudi nyumbani anakuta kikombe chake kimetengwa.

Tendo la ndoa halina madhara kwake wala kwako. Ngozi kama imefunga mnaangalia tu usimlalie upande ule. Anaweza asitake kwa muda, tamoksifeni nayo inaweza kumletea joto la ghafla na ukavu au majimaji ukeni, usilichukulie kwamba hakupendi. Mshike mkono mkae, sio kila kumgusa kuishie huko.

Sindano asirudie. Sindano, vijiti na vidonge vya majira vyote vina homoni, na mtu aliyeugua saratani ya titi havimfai. Lakini kinga anaihitaji sana kwa sababu mimba ikiingia akiwa kwenye tamoksifeni mtoto anaweza kuharibika, na asidanganyike na hedhi kukatika, hedhi inaweza kukata na mimba ikaingia vile vile. Kitanzi cha shaba ambacho hakina homoni au kondomu, hivyo ndo vyake. Mkitaka mtoto mwingine nendeni mkamwambie daktari mapema, dawa inasimamishwa kwa mpango na kusubiri miezi, asiache mwenyewe kimya kimya. Kidonge ni kimoja kila siku cha miligramu 20, kwa miaka 5, na kuna wanaoongezewa mpaka 10. Akitokwa damu ukeni isiyo ya kawaida, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, hospitali siku hiyo hiyo.

Nesi hujambo? Mamangu ana miaka 63, alitolewa titi lote la kulia akapigwa mionzi Nairobi, ni miezi mitatu sasa. Wiki tatu hizi ana kikohozi kikavu, akipanda ngazi ahema. Zahanati ya mtaani wamempa antibayotiki mara mbili na hazijafaa, sasa wasema eksirei yaonyesha kivuli huenda ni TB wamuanzishe dawa. Makohozi hawajapima. – Binti, Mombasa

Sijambo mwanangu. Hili naomba ulifanye wiki hii, usingoje toleo lijalo.

Mionzi ya kifuani inapita karibu sana na mapafu, na kipande kidogo cha pafu huwa kinapata. Kwa wachache pafu hilo linakuja kuvimba mwezi mmoja mpaka sita baada ya mionzi kwisha, dalili zake ndo hizo hizo ulizoandika, kikohozi kikavu, kuhema, pengine na homa ndogo. Kwenye eksirei kinaonekana kivuli, na huku kwetu kivuli kwenye pafu kila mtu anawaza TB kwanza, na sio makosa kuiwaza. Kosa ni kuanza dawa za miezi sita bila kupima makohozi na bila kujua kwamba mgonjwa alipigwa mionzi. Inawezekana kabisa mama hajawaambia, wazee wetu wengi wanaona titi ni habari ya siri.

Mpeleke hospitali kubwa na karatasi zote za mionzi, useme mwenyewe mlangoni: alipigwa mionzi upande huu, alimaliza tarehe hii. Makohozi yapimwe. Ikigundulika ni pafu la mionzi, kuna wanaopona bila dawa kubwa na kuna wanaopewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa pafu, kwa wiki kadhaa inapunguzwa kidogo kidogo. Hiyo usiinunue duka la dawa kwa kubahatisha, na akishapewa asiikatishe ghafla. Kama anahema hata akiwa amekaa, au kifua kinamchoma akivuta pumzi, au anatema damu, hiyo ni ya usiku huu huu, inaweza kuwa damu imeganda kwenye pafu na hiyo haisubiri asubuhi.

Nesi, mimi mkulima Mbeya, kwenye upasuaji wa titi nilitolewa pia tezi za kwapani, mionzi niliimaliza mwaka jana. Sasa mkono unakuwa mzito jioni na pete haitoki. Shamba nani atalima? – Mama wa Viazi

Pole mama. Pete ivue kwanza, na sabuni na maji ya baridi, ikigoma wakate, usiache ikabane.

Zile tezi zilikuwa njia ya kupitisha maji ya mkono kurudi kwenye damu, zimetolewa na mionzi nayo ikakaza njia zilizobaki, ndo maji yanakaa. Inaweza kuanza hata miaka kadhaa baadaye kwa hiyo sio kwamba ulikosea kitu. Ukianza kushughulika mapema mkono unarudi vizuri kuliko ukiuacha ukakomaa. Ulizia idara ya fiziotherapia wakufundishe kukanda na kufunga bandeji yake, au wakupimie nguo maalumu ya kuvaa mkononi inayobana, usijifunge mwenyewe kitambaa. Ukikaa uweke juu ya mto. Mazoezi ya bega yaendelee, simama mbele ya ukuta panda na vidole taratibu mpaka unapoishia, kila siku, hata mwaka huu wa pili, sababu mionzi inakaza misuli pole pole bila mtu kujua.

Kulima unaweza, ila rudi kidogo kidogo, nusu saa halafu pumzika, na magunia ya viazi wabebe wengine. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Mchubuko wowote mkono ule osha na sabuni hapo hapo. Mkono ukiwa wa moto, umevimba ghafla, na homa juu yake, hayo ni maambukizi, unahitaji antibayotiki siku hiyo, sio kesho kutwa baada ya mnada.

Dada, nimemaliza mionzi mwaka na miezi minne. Titi linachoma ghafla kama sindano, sekunde chache linaacha, hasa usiku. Kila likichoma najua imerudi. – Wa Zanzibar

Mdogo wangu, hiyo michomo ya sekunde ni mishipa ya fahamu iliyokatwa kwenye upasuaji na kupigwa mionzi, inaweza kuja na kupotea kwa miaka, na yenyewe peke yake sio dalili ya kurudi. Titi lililopigwa mionzi pia linakuwa gumu kidogo na linaweza kujivuta likawa dogo kuliko mwenzake. Ninachotaka ukishike ni kipya na kinachobaki: kijivimbe ambacho mwezi uliopita hakikuwepo, ngozi inayoingia ndani au inayokuwa kama ganda la chungwa, chuchu kutoa damu, tezi kwapani au juu ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega, maumivu ya mfupa yanayokaa wiki mbili tatu bila kuachia. Hayo ndo ya kukupandisha boti.

Jiguse mara moja kwa mwezi, sio kila usiku, ukijigusa kila usiku utakuta kitu hata kisichokuwepo. Mamogramu yako ya mwaka kama haijafanyika imeshachelewa miezi minne, kesho piga simu kliniki wakupe tarehe. Na kama kuna mtu wa kulala naye chumba kimoja, dada au mama, mwambie aje siku chache, likichoma usiku uwe na wa kumwambia.